Bwana Simu na Kisanduku Kinachosikia Tu

Bwana Simu hakuwa na simu. Mtu yeyote wa Mbinga ukimuuliza habari zake angeanza na hilo, tena akicheka. Kusema kweli alikuwa nayo moja, kitochi cha zamani, lakini alikuwa ameitoa betri na kuifunga kando kwa mpira, simu na betri yake zikikaa droo moja kama mke na mume waliotengana bila kuhama nyumba. Alikuwa fundi wa simu za waya tangu ujana wake, serikali ikamleta kwetu kutoka mwambao wa Tanga, akastaafu, na wenzake walipofunga mizigo kurudi kwao yeye akabaki. Ukimwuliza kwa nini alibaki, anakuuliza wewe kwa nini umeuliza.

Alichobaki nacho ni redio. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, bila mshahara wala biashara, na juu ya mlima nyuma ya mji alikuwa amesimamisha mtambo anaouita ripita. Kazi ya ripita ni rahisi kuieleza. Mtu mwenye redio ndogo ya mkononi anasema kwa sauti hafifu, mtambo ulioko juu unamsikia, unaichukua sauti ile ile na kuirusha upya kwa nguvu, na watu wa mbali wanaipata. Kila asubuhi saa moja na nusu Bwana Simu aliendesha mazungumzo hewani aliyoyaita baraza. Mwalimu mmoja wa Mkumbi anaingia, mwenye duka la pembejeo anaingia, katekista anaingia, wanapeana habari za mvua na barabara, wanaagana.

Mimi ni nesi. Nyumbani kwetu ni Litembo, juu kwenye baridi na kahawa, lakini zahanati niliyopangiwa iko chini kabisa, ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo simu hushika ukisimama karibu na tangi la maji na kuinamisha kichwa upande. Daktari mgeni aliyekuwa akijitolea pale aliniachia redio ya upepo ya mkononi alipoondoka. Nilipoiwasha asubuhi ya kwanza nikamsikia Bwana Simu kana kwamba yuko chumba cha sindano. Nikabonyeza, nikajibu. Akaendelea kuzungumza na watu wake. Kesho yake nikajibu tena.

Nilijibu hivyo karibu mwaka mzima. Mlima ulikuwa na mdomo mkubwa na masikio madogo: sauti yake ilinifikia, yangu iliishia kwenye ukuta wa milima. Kilichokuwa kinaniumiza ni kwamba kila baraza lilipokwisha alisema, "Na wa ziwani, kama mpo, siwasikii lakini nawasalimu." Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa "wa ziwani". Nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika kazi yangu, kwamba siku nikiita kwa shida, kuwe na mtu juu huko wa kunisikia.

Nilipopata likizo nikapanda hadi Mbinga, nikauliza nyumba yake, nikamkuta anaosha kikombe. "Shikamoo, Mzee. Mimi ndiye wa ziwani. Nakujibu kila siku."

Akaweka kikombe chini. Nilitegemea afurahi. "Marahaba. Una leseni?"

"Sina."

"Basi umevunja sheria kila siku kwa mwaka mzima," akasema, "na mimi sikukusikia hata nikukataze." Akanitolea vitabu viwili vya kusomea mtihani, akaniambia nisirudi hewani mpaka nifaulu. Nilishuka nimekasirika hadi masikio yakawa ya moto. Nikasoma, nikafaulu. Baadaye mwenye duka la pembejeo alinieleza kwamba siku ile nilipoondoka Bwana Simu alifunga mlango akaingia dukani kwake, akamwambia mara tatu, "Yupo. Kuna mtu ziwani." Mbele yangu hakuonyesha hata chembe.

Ndivyo alivyokuwa. Furaha yake aliipeleka kwa watu wengine.

Alikuwa mdadisi kupita kiasi. Alikuwa na madaftari ya shule, yale ya mistari, na ndani yake hakuandika majibu, aliandika maswali. Aliniruhusu kuyasoma siku moja nikiwa nasubiri mvua ikatike. *Kwa nini sauti ya Mkumbi hukwaruza mahindi yakiwa marefu? Je, paa la bati jipya hubadilisha kitu? Wamatengo husema nini mtu akipiga chafya?* Moja lilikuwa limepigwa mstari: *Kwa nini asubuhi ya joto tulivu, watu wa Malawi husikika ziwani kuliko watu wa Mbinga?* Hilo lilitokana na mimi. Nilimwambia kwamba siku ambazo ziwa limelala kabisa, redio yangu huleta watu wa ng'ambo wakizungumza Kinyanja, karibu kama wako gatini, na wagonjwa wangu Wanyasa kwenye benchi huwaelewa na kuanza kuwajibu kwa mdomo. Aliniuliza juu ya jambo hilo kwa miezi. Upepo ulikuwa unatoka wapi? Ukungu ulikuwepo? Niliamka saa ngapi? Nilimwambia, "Mzee, mimi nina watoto wa kupima uzito." Akasema, "Wapime, kisha utazame ziwa."

Na bado, mtu huyu aliyetaka kujua kila kitu cha ziwani hakuwahi kufika ziwani. Miaka yote ile. Basi lipo, bodaboda zipo. Nilimwalika kwa usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, nikamwalika kwa sikukuu. "Nitakuja," alisema, na wote tulijua hatakuja. Mwalimu wa Mkumbi alidai anaogopa mteremko. Katekista alisema anaogopa maji, jambo la ajabu kwa mtu wa mwambao. Mimi niliwahi kudhani alitaka ziwa libaki swali.

Kasoro yake nyingine ilikuwa hii: alisikiliza mitambo vizuri kuliko watu. Ungeweza kumwambia kitu jikoni kwake akaitikia "ee, ee", na kumbe yuko mbali, anasikiliza kama feni ya mtambo inalia vibaya. Kwa Kiswahili chake kizuri cha pwani alikukatiza katikati ya sentensi na kuimaliza yeye, tena kwa maneno mazuri kuliko yako lakini siyo yale uliyokuwa unataka kusema.

Baada ya leseni yangu alitangaza kwenye baraza kwamba sasa ziwa litasikika. Wazo lake lilikuwa kuweka masikio ya ziada. Kipokezi kidogo kinawekwa mahali panapoona ziwa, kinategea redio yangu, kisha kinaunong'onezea mlima kwa mawimbi mengine kile kilichosikia. Mlimani kuna kisanduku kinacholinganisha masikio yote, lile la mlima wenyewe, jingine alilokwisha kuliweka Mkumbi, na hili jipya, na kuchagua lililosikia vizuri zaidi. "Mlima hauhitaji kupiga kelele zaidi," alisema, "unahitaji kusikia." Alipopima kwa ramani na kwa miguu akakuta kwamba mahali bora kuliko pote ni ukingoni mwa shamba la mama yangu, pale ardhi ya Litembo inapokatika na kuteremka hadi majini.

Mama alikataa.

Siyo kwamba aliogopa umeme. Alikaa na Bwana Simu kwenye kibaraza akamwuliza maswali mpaka akaelewa vizuri, na alipoelewa ndipo akakataa kabisa. "Kwa hiyo hiki kinasikia tu. Hakisemi."

"Hakisemi, Mama. Kazi yake ni kupokea."

"Hapa kwetu mtu anayekaa ukingoni mwa shamba la mwenzake anasikiliza bila kusema, tunamjua. Ama ni mchawi ama ametumwa."

Bwana Simu alicheka. Mama hakucheka. Majirani nao walikuwa wameanza kuuliza kifaa hicho kitasikiliza nini na kumpelekea nani. Alirudi mara tatu kumbembeleza, na mara ya tatu mama akatoa sharti: lolote kitakalosikia, na yeye alisikie. Basi Bwana Simu akavuta waya wa sauti hadi jikoni, akafunga spika ukutani juu ya kinu. Kusikiliza hakuhitaji leseni, kusema ndiko kunahitaji, kwa hiyo mama alisikia bila kujibu. Na kwa kuwa kipokezi kilitega sikio upande wa ziwa peke yake, spika ile ilileta ziwa tu. Sauti ya Bwana Simu haikupita humo hata siku moja. Mama alinisikia mimi kila asubuhi, na wavuvi wawili waliopata leseni baada yangu, na majirani waliingia kuchukua moto wakasimama kusikiliza bei ya usipa. Uchawi ukaisha.

Asubuhi niliyosikika kwa mara ya kwanza nilisema jina langu la hewani na hali ya ziwa. Kisha Bwana Simu akasema, "Ziwani, umefika," na sauti yake ilikuwa imebadilika. Mchana mama akanipigia simu kunikosoa kwamba nilizungumza haraka mno.

Sasa niseme habari ya waya. Ndani yake mlipita sauti na pia umeme wa kipokezi, uliotoka kwenye sola juu ya bati la mama, na kutoka nyumbani hadi ukingoni kuna shamba zima la kuvuka. Mtu mwingine angesimamisha nguzo. Bwana Simu hakutaka hata kusikia. Katika kazi yake ya zamani alikuwa ameona maili na maili za shaba zikiibwa usiku mmoja, na alisema waya wa hewani ni mwaliko wa mwizi. Akaufukia. Akaufukia umenyooka, na msimu wa ngoro ulipofika wanawake waliokuja kumsaidia mama kulima wakaukata mara nne kabla ya uji wa saa nne. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Asiyejua ngoro zetu nimweleze kidogo. Kwenye miteremko yetu hatulimi sesa, yaani bila matuta. Tunafyeka nyasi, tunazilaza kwa mistari inayokatana, halafu tunachimba mashimo katikati na udongo wake tunafunika zile nyasi. Yanabaki mashimo ya kushika maji na matuta ya kupanda maharage, mlima mzima umekuwa kama chekecheo. Bwana Simu alitazama, akauliza maswali kurasa mbili, akafurahi. Akauchimbua waya na kuufukia upya kando ya matuta, ukipinda na kupinda hadi ukingoni. Mama akasimama akimtazama.

"Baba, ngoro zinahama. Msimu wa kuchimba upya, palipo tuta ndipo patakuwa shimo."

"Ee, ee," akasema Bwana Simu, akiwa amepiga magoti na koleo lake. "Nitakumbuka, Mama."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Miaka miwili ilipita, na mwezi Machi ukaja. Usiku ule radi zilipiga sana, na alfajiri mnara wa simu wa kijijini kwangu ulikuwa umezima. Saa moja hivi wakaniletea mama mjamzito ambaye kitoto kilikuwa kimekaa vibaya, na uchungu ulikuwa umeanza tangu jioni. Alihitaji gari la kumpandisha hospitali. Nikachukua redio, nikaita. Nikaita tena. Niliwasikia watu wa baraza wakizungumza habari za mbolea, vizuri kabisa, na mimi nikiwa naita juu ya sauti zao, na mlima haukunisikia. Niliita kwa nusu saa. Mwisho tukamfunga kwenye machela, tukatembea hadi barabarani, tukapata lori. Mama yule alipona. Mtoto hakupona.

Jumapili nilipanda nyumbani, na mama, ambaye habari za mtoto zilikuwa zimeshamfikia, akanieleza kabla sijakaa. Asubuhi ile alikuwa ameamka mapema kwenda kuchimba ngoro kwa kuwa udongo ulikuwa laini. Jembe lilikata kitu, akadhani mzizi. Kwa kuwa yuko shambani hakujua kama spika imenyamaza. Siku ya pili Bwana Simu alikuja, akafuata waya, akafika kwenye shimo jipya lililokuwa tuta, akaziona ncha mbili zimekatwa safi. Mama alikuwa amesimama hapo na jembe mkononi. Alifungua mdomo aseme.

"Akanitazama usoni," mama alisema, "akaniambia, ni radi, Mama, usijali. Na mimi jembe ninalo mkononi. Sasa nitamwomba nani msamaha? Radi?"

Kwenye baraza pia alitangaza radi. Najua alidhani anamfichia mama aibu. Labda alikuwa anajifichia na yake, kwa kuwa alikuwa ameonywa. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilichojua ni kile uongo ule ulichomfanya mama. Aliacha kulima. Alihamishia kigoda chake chini ya spika na kukaa hapo tangu alfajiri mpaka jioni, akihofu kwamba akitoka, mtu wa ziwani ataita. Kaka yangu, anayekaa naye, alimwambia kwamba sasa waya uko juu ya nguzo na hakuna jembe la kuufikia. Mama akajibu, "Radi inaufikia." Msimu mmoja ukapita, wa pili ukaja, mteremko wake ukaota nyasi mpaka kiunoni. Nami niliendelea kujibu baraza kila asubuhi kwa adabu na kwa ubaridi, nikimsubiri mzee yule aseme ukweli wake. Nilimwonea hasira mtu niliyempenda, na hakuna hasira inayochosha kama hiyo.

Mara ya mwisho nilipomwona ni mwaka huu. Ilishajulikana kwamba watoto wake wanamchukua kurudi Tanga. Mtambo alikuwa amemwachia mwalimu wa Mkumbi. Nilitoka nje kuita mgonjwa anayefuata, na kwenye benchi, kati ya mama mwenye mtoto wa surua na mvuvi aliyechomwa na ndoana, ameketi Bwana Simu na vumbi la bodaboda kwenye nyusi. Alikuwa amekaa foleni. Alikataa kupita mbele. Zamu yake ilipofika akaingia, akakaa kiti cha wagonjwa.

"Shikamoo, Mzee. Umefika ziwani."

"Marahaba, Nesi. Nimefika." Akatazama ziwa dirishani, na kwa mara ya kwanza sikusikia swali. "Haikuwa radi," akasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile. Mama aliniambia."

Akavua kofia yake ya kufuma, akaiweka gotini. "Aliniambia kuhusu matuta. Nikaitikia bila kusikia. Nilipouona waya nikaona heri iwe radi kuliko yeye. Na kuliko mimi."

"Usiniambie mimi," nikasema. "Mama ameacha shamba. Anakaa chini ya spika mchana kutwa, anasubiri mtu wa kumwambia hayo."

"Basi la kesho alfajiri linanichukua. Litembo sifiki tena leo."

Redio yangu ilikuwa mezani, kwenye chaja. Niliitazama, naye akaitazama. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba kikizungumzwa kitu hapa, kitatokea jikoni kwa mama. Na alijua vilevile kwamba mlima utakirusha hadi Mkumbi na Mbinga, dukani kwa yule bwana na kanisani kwa katekista, kwa watu wote waliomwamini.

Tukatoka nje kwenye kibaraza cha zahanati. Akashika redio kwa mikono miwili, akataja jina lake la hewani, taratibu, kisha akasema: "Mama wa Litembo, shikamoo. Mimi ni fundi wako. Nasema kutoka ziwani. Waya haukukatwa na radi. Ulikatwa kwa jembe, kwenye tuta ambalo ulinionya kwamba litakuwa shimo. Ulinionya nimepiga magoti mbele yako na sikukusikia. Mtoto yule yuko juu yangu, Mama, hayuko juu yako. Nilikudanganya nikijua umeshika jembe. Nisamehe."

Akaachia kitufe. Baraza lilikuwa limekwisha saa nyingi, lakini nina hakika redio kadhaa zilikuwa wazi. Mama hana namna ya kujibu kwa chombo kile, na sikujua kama alikuwa ameketi pale au amekwenda kuteka maji. Nikampa Bwana Simu ugali wa muhogo na usipa; akala kidogo, akaosha mikono, akaniuliza bodaboda wanasimama wapi.

Alikuwa ameshavaa kofia niliposikia simu yangu kule kwenye tangi la maji, ambako huwa naiacha juu ya tofali ili ishike. Nikakimbia. Alikuwa kaka.

"Nimerudi kutoka kwenye kahawa, jikoni hakuna mtu. Spika inaunguruma peke yake," alisema. "Nimeogopa, nikazunguka nyumba nikiita. Yuko shambani. Amefyeka nyasi mistari miwili na amefungua shimo la kwanza. Nikamwuliza kulikoni, akaniambia nikupigie, kuna salamu haijajibiwa. Anasema mwambie yule mzee, marahaba."

Nilirudi kibarazani nikamwambia, mama yuko shambani, anasema marahaba. Bwana Simu aliketi tena kwenye benchi la wagonjwa, akalia waziwazi kama mtoto, na mimi nikalia kando yake na gauni langu la kazi. Kijana wa bodaboda alipiga honi mara mbili. Yule mvuvi wa ndoana akamwambia asubiri.